Jinsi ya Kuziokoa Disketi za Ami, na Kumweka Ami Mbali Nazo

Kila nyumba ya Mwembe Tayari, Mombasa, ina mtu aliyesomea kompyuta miaka ya 1990, enzi za WordPerfect, Lotus 1-2-3 na dBase, na mtu huyo ana sanduku la disketi asilotaka liguswe. Zina nini, hakumbuki. Ila ni muhimu, maana juu yake ameandika MUHIMU kwa mkono wake. Tumwite Ami.

Usimwambie unataka kuzihifadhi. Atakujibu kuwa zimehifadhiwa tangu enzi za Moi, hapo uvunguni. Mwambie kuna mgogoro wa kiwanja na huenda barua imo humo. Sanduku litakufikia kabla chai haijapoa.

Kagua kuvu kwanza. Unyevu wa kisiwa hiki ni mpangaji asiyelipa kodi: umeshaingia kwenye sanduku, na dalili yake ni madoadoa meupe juu ya ule utando wa sumaku. Disketi ya namna hiyo usiitie kwenye draivu kwa bismillahi tupu. Kuvu hunata kwenye kichwa cha kusomea, kisha kichwa hukwaruza disketi hiyo, na ile itakayofuata, na ya jirani uliyemwahidi kumsaidia. Isafishe polepole kwa pamba na spiriti ya isopropili, uiache ikauke. Mafuta ya taa atakayopendekeza Ami yabaki jikoni. Udi wa shangazi nao ufukizwe chumba kingine.

Halafu zuia maandishi. Disketi ya inchi 3.5 hulindwa kwa tundu lake kuachwa wazi. Ya inchi 5.25 hulindwa kwa pengo lake kuzibwa. Waliotuundia walipenda mizaha. Usipuuze hatua hii, kwani Windows 95 ilikuwa na tabia ya kuchorachora kwenye sekta ya kwanza ya disketi isiyolindwa, bila kuulizwa. Na Windows yoyote isipoielewa disketi yako, itakuuliza kama uifomati. Jibu ni Hapana. Maus ishike wewe.

Draivu ya USB husoma za inchi 3.5 tu, tena ikikuta sekta mbovu huvunjika moyo upesi. Tafuta draivu halisi iliyong'olewa kwenye kompyuta kuukuu. Ikija na basi kutoka Nairobi, msihi karani wa vifurushi asiiweke chini ya gunia la viazi. Iunganishe na kibao kiitwacho Greaseweazle, kazi ya Keir Fraser. Hicho hakiulizi faili liko wapi. Hunakili mabadiliko ya sumaku yenyewe, njia baada ya njia, na yaliyomo yatafasiriwa baadaye kwa utulivu. Disketi ya HD ya inchi 3.5 ina njia 80 kila upande, sekta 18 kila njia, baiti 512 kila sekta. Zidisha kwa pande mbili upate 1,474,560, ndio ukubwa wa faili lako la .img, yaani taswira ya disketi nzima. Picha ya biriani uliyoipiga kwa simu haitoshei humo.

Kuburuta mafaili peke yake hakutoshi, kwani taswira kamili hubeba hata barua ambazo Ami alidhani amezifuta. Shangazi asilijue hili.

Ukikuta kirusi cha Brain cha mwaka 1986, kiache ndani ya taswira. Ndugu wawili wa Lahore waliokiandika walitia majina yao, anwani na namba za simu. Wahalifu wa leo hawana adabu hiyo.

Faili liite kwa jina linaloeleweka, si "mpya_mwisho_kabisa2". Piga picha lebo, chukua alama ya kuhakiki faili ya SHA-256, nakala moja ipeleke ng'ambo ya Likoni. Emuleta, yaani programu inayojifanya kompyuta ya zamani, mfano 86Box, ipewe nakala ya nakala.

Sasa mwite Ami. WordPerfect 5.1 itafunguka, buluu tupu, naye atainua kifua na kubonyeza Esc ili atoke. Kutoka ni F7. Esc katika programu hiyo ni ya kurudia, kwa hivyo herufi atakayoibonyeza baada yake itajiandika mara 8 katikati ya barua aliyomwandikia jamaa wa Maskati kuomba viza. Atailaumu kompyuta. Mwache abonyeze.