Uliza Rejeta ni ya Madini Gani

Mxiuu! Jamani, huu mtindo wa kununua taa na mabomba ya kung'aa kabla ya kuuliza rejeta ni ya madini gani utatutoa machozi. Hapa kijiweni, kwenye mabenchi ya muuza kahawa, simu imepita mkono kwa mkono: orodha ya kijana wetu anayehariri video za harusi, anataka kuifungia kompyuta yake ya nyumbani mfumo wa kupozwa kwa maji, wa kwanza maishani mwake. Taa zipo. Maji ya rangi ya maziwa yapo. Mabomba magumu ya kukunja kwa moto yapo. Rejeta je? "Yoyote ya bei poa, kaka."

Yoyote! Hapo hapo mdogo wangu, simama.

Bloku inayokaa juu ya prosesa karibu kila mara ni ya shaba, mara nyingi imepakwa nikeli. Rejeta za bei ya chini, nyingi ni za alumini. Ukiziunganisha shaba na alumini kwa maji yaleyale yanayozunguka, umeshatengeneza betri, na anayeliwa ni alumini. Dawa ya kuzuia kutu inachelewesha tu. Ule ungaunga unaobanduka unasafiri na maji mpaka ndani ya bloku, ambako maji hupita kwenye vijia vyembamba chini ya nusu milimita, na hapo unaganda. Joto linapanda, mtu anabadilisha pesti, anaongeza feni, anailaumu prosesa, na mwezi mwingine unakatika bila kujua kinachomsumbua. Inauma, kwa sababu ni hela ya jasho. Basi rejeta iwe ya shaba, fitingi ziwe za shaba, na muuzaji asiyeweza kukujibu ni madini gani, mwage kwaheri ukiwa na hela yako mfukoni.

Dereva wa bodaboda akauliza, kwani maji yenyewe si baridi, rejeta ya nini tena? Swali zuri sana. Maji sifa yake ni kubeba. Lita moja ya maji inabeba joto zaidi ya mara 3,000 kuliko lita moja ya hewa kwa kupanda nyuzi zilezile. Lakini mzigo ukishabebwa lazima utuliwe mahali. Kompyuta inayotoa wati 500 ikiwa na lita moja ya maji bila rejeta, maji hayo yanapanda nyuzi moja kila sekunde nane hivi. Dakika nne hazijaisha, umeshatoka nyuzi 32 za chumba cha Dar mwezi wa pili, unakaribia 60, na pampu nyingi za kazi hii hazitakiwi kufika huko. Kwa hiyo fedha ya taa iende kwenye ukubwa wa rejeta na feni nzuri za kuipuliza. Kwa prosesa na kadi ya picha, chini ya rejeta ya feni tatu mimi siungi mkono. Na dirisha lifunguliwe, maana joto lote hilo linaishia humo humo chumbani.

Mwingine akaropoka: "Tumbukiza barafu!" Aa-aa! Maji yakiwa baridi kuliko hewa ya chumba, kwa unyevu huu wa pwani bloku itatoka jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, na jasho hilo linadondokea mazabodi. Rejeta na feni haziwezi kuyashusha maji chini ya joto la chumba, na huo ndio usalama wake.

Fundi magari wetu aliposikia rejeta alisogeza benchi. Ana haki. Wapenzi wa kompyuta wa Marekani na Ulaya, miaka ya 1990 mwishoni na 2000 mwanzoni, walianza kwa kung'oa rejeta ndogo za hita za magari na kuziunga na pampu za matangi ya samaki. Lakini kulanti ya gari usiilete, ina sumu. Chukua maji yaliyokenekwa na dawa ya kuzuia kutu na mwani. Maji ya betri ya kituo cha mafuta? Soma lebo kwa macho yako mawili, maana chupa nyingine hapo hapo rafuni ni asidi. Maji ya bomba na ya kisima yana chumvi, yaache. Hayo ya rangi ya maziwa yana chembe zinazotuama na kuziba vijia, yaache pia.

Halafu tuseme kweli: kwa prosesa peke yake, kipoza kizuri cha feni kinamtosha mhariri. Maji yanalipa kwenye kadi ya picha. RTX 4090 moja inakula mpaka wati 450, na feni zake zikianza kuvuma, kurekodi sauti chumba kimoja nako ni taabu. Kama ndiyo hali yako, funga, tena kwa mipira laini. Usihangaike na nani apate maji kwanza kati ya prosesa na kadi. Maji yanazunguka upesi kiasi kwamba tofauti ni nyuzi moja au mbili. Cha kushikilia ni tangi kuwa juu ya pampu, kwa sababu pampu hulainishwa na maji yenyewe, ikizunguka kavu inakufa.

Siku ya kujaza, umeme uende kwenye pampu tu. Kuna plagi ndogo ya kuwasha pawa saplai peke yake. Kadi, prosesa na diski vikae bila umeme. Tandika tishu nyeupe chini ya kila fitingi, acha maji yazunguke siku nzima, tikisa boksi taratibu mapovu yatoke. Tishu ikilowa, kagua oringi, anza upya. Na sehemu ya chini kabisa weka koki ya kumwagia, kwani maji hubadilishwa kila mwaka hivi. Asiyeiweka atakuja kung'oa mpira uliojaa maji juu ya kadi ya mamilioni.