Fuvu, Koti na Daktari wa Miezi Mitatu

Katika bweni moja la wanafunzi wa udaktari mjini Dar es Salaam, usiku wa kuamkia mtihani wa kwanza wa mifupa, kijana mmoja alishikwa na usingizi kifudifudi juu ya kitabu chake, taa ikiwaka na feni ikizunguka, na vyombo vyake vikapata fursa ya kusema ambayo mchana haipatikani. Waliosema walikuwa wanne: Koti jeupe lililotundikwa msumarini, Stethoskopu iliyoning'inia begani mwa Koti, Simu iliyolala karibu na sikio la kijana, na Fuvu, ambalo kijana aliliazima chuoni pamoja na sanduku zima la mifupa, na ambalo kwa umri ndilo lililostahiki kuamkiwa kwanza, ingawa halikuamkiwa.

KOTI: Jamani, kuna msiba gani humu? Tangu juzi bwana wetu hakunivaa kwenda popote, na mimi sikushonwa ili nikae ukutani.

FUVU: Siku hizi mtoto akiingia baraza yenye wazee huanza na malalamiko?

KOTI: Shikamoo, babu.

FUVU: Marahaba. Msiba hakuna, kesho kuna mtihani, nao haukuhusu. Meza zitapangwa ukumbini, na juu ya kila meza utawekwa mfupa, au kipande cha maiti kilichochomekwa pini yenye kibendera; kengele italia, na kijana huyu atapewa dakika moja au mbili aandike jina la kile ambacho pini imekigusa; kisha kengele italia tena, naye atasogea meza ya pili, amejua au hakujua, maana nyuma yake yupo mwingine anayengoja kuja kutokwa jasho mahali pale pale. Mifupa ya mtu mzima ni 206, na hakuna hata mmoja uliotariziwa jina lake kifuani kama ulivyotariziwa wewe.

KOTI: Kwani kuna ubaya gani? Imeandikwa "Dkt." kwa uzi wa kijani. Fundi wa Kariakoo alitaka kuandika jina tupu, bwana wetu akamwongeza fedha.

FUVU: Ana miezi mitatu chuoni. Shahada ni ya miaka mitano, na baada yake upo mwaka mzima wa utarajali hospitalini chini ya macho ya wakubwa, ndipo Baraza la Madaktari limwandike katika daftari lake. Huyo fundi wako amefanya kwa sindano moja kazi ambayo watu wazima huifanya kwa miaka sita.

STETHOSKOPU: Na mimi, babu, kesho sitaitwa?

FUVU: Hutaitwa, na mwaka ujao pia sikuahidi. Mwaka wa kwanza ni wa anatomia, fiziolojia na baiokemia. Mgonjwa aghalabu huonekana kwa mbali, akipita na machela.

STETHOSKOPU: Hali ya kuwa nimetoka ukoo mkubwa! Babu yetu alizaliwa Ufaransa mwaka 1816 mkononi mwa tabibu Laennec, aliyeona haya kuweka sikio kifuani pa mwanamke, akakunja karatasi ikawa kama mwanzi, na moyo akausikia waziwazi kuliko alivyopata kuusikia kabla ya hapo.

FUVU: Naam, babu yako alikuwa karatasi, lakini upande wa pili wa karatasi ile palikuwa na tabibu. Wewe ni chuma bora na mpira bora. Upande wako wa pili pana nini? Tueleze, tangu ununuliwe umesikiliza nini?

STETHOSKOPU: Nimesikiliza tumbo la mwenziwe wa chumbani siku ya maharage, palipokuwa na ngurumo, na bwana wetu akasema hizo ni vali za moyo. Nimesikiliza friji ya dukani kwa Mangi. Nimesikiliza ukuta huu, apate kujua majirani wanasemaje, na majirani walikuwa wakimsema yeye. Na sikukuu alipokwenda kwao nilisikiliza kifua cha mbuzi wa mjomba wake, jamaa wote wakiwa wamesimama duara na wakubwa wakiwanyamazisha watoto. Naye akafumba macho kitambo, kisha akatamka kwamba presha imepanda kidogo.

FUVU: Presha kwa stethoskopu tupu, bila mkanda wa kupimia! Na mbuzi?

STETHOSKOPU: Alichinjwa siku ile ile.

FUVU: Basi huyo ndiye mgonjwa wake wa kwanza, na amempoteza. Walimwita nani hapo kijijini?

STETHOSKOPU: Daktari. Bibi yake alimwita daktari hata alipokuwa akimtuma maji.

SIMU: Mimi ndiye niliyepiga ile picha: koti, stethoskopu shingoni, mkono mmoja mfukoni, mbuzi hayumo. Ilisambaa ukoo mzima, na tangu siku hiyo sina raha. Shangazi anataka kujua mtoto wake mwenye homa apewe nini. Jirani wa shangazi anauliza habari za mgongo. Mtu wa Tabora ambaye hata hatumjui ametuma picha ya kidole cha mguu.

FUVU: Na bwana wako hujibu?

SIMU: Hujibu. Huniuliza mimi kwanza, kisha hujibu kama ametoka wodini. Shangazi aliambiwa ampe mtoto mseto wa malaria, na kama homa haikushuka amwongeze amoksilini iliyobaki ya kaka yake.

FUVU: Bila ya kupima? Shirika la Afya Duniani lilishasema tangu mwaka 2010 kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, maana si kila homa ni malaria, na mtoto mwenye nimonia akinyweshwa mseto watu hukaa wakingoja nafuu huku maradhi yakimmaliza. Nayo hiyo dawa ya mabaki, kila inapotolewa nusu nusu, huwafunza vijidudu namna ya kuishinda. Kijana huyu akifika mwaka wa tatu au wa nne atayasoma hayo na atayajua vizuri sana, ila shangazi hatarudi nyuma miaka mitatu kumngoja!

KOTI: Babu, usimwonee. Udaktari haungoji mvi. Abu Ali Ibn Sina alimtibu sultani wa Bukhara angali kijana, na alijulikana kwa tiba kabla ndevu hazijakolea. Hilo hata katika madesa, yale makaratasi ya kunakiliana, limo.

FUVU: Limo nusu yake. Ibn Sina huyo huyo amesimulia mwenyewe kwamba kitabu cha Aristotle cha metafizikia alikisoma mara arubaini, akakihifadhi moyoni chote, na bado hakukifahamu. Hata siku moja sokoni dalali akamng'ang'aniza kitabu kidogo cha mwanafalsafa Farabi kwa dirhamu tatu, akakinunua kwa shingo upande, na kwa kitabu hicho akafunguliwa. Angalia adabu ya mtu yule: amehifadhi kitabu kizima, na ulimi wake bado unakiri kwamba hajui. Huyu wetu amehifadhi kurasa nne za madesa na anajibu maswali ya Tabora.

SIMU: Madesa usiyatukane, babu, ndiyo yanayotutoa. Mwaka wa kwanza si mchezo: asubuhi mihadhara, mchana kupasua maiti, macho yanachuruzika machozi ya formalini na tumbo, sijui kwa nini, linadai wali, jioni baiokemia, ule mzunguko wa Krebs unaochorwa ubaoni mpaka mtu akaona kizunguzungu. Bumu, ile fedha ya mkopo, limechelewa, chakula ni mkate na chai ya rangi. Humu kila mmoja alikuwa wa kwanza kwao, na katika mtihani mdogo wa juzi zaidi ya nusu walianguka. Bwana wetu alipata 38 katika 100, akakaa chooni saa nzima. Sasa mtu kama huyo akipewa maswali ya miaka mitano iliyopita na majibu yake, ayakatae? Ukipata sapu unarudia mtihani, ukianguka tena unadisko, unarudi kwenu, na koti lina jina!

FUVU: Hapo umesema kweli, na kwa kilio hicho namwonea huruma, maana hakuna aliyemwambia kabla ya kuja. Walimwambia atapata heshima na gari. Hawakumwambia kwamba ataanguka mtihani kwa mara ya kwanza katika umri wake, na kwamba kuanguka huko si dalili ya upumbavu bali ya wingi wa elimu iliyomwagwa mbele yake kwa mpigo mmoja. Lakini madesa, mwanangu! Tabibu Galen wa karne ya pili alifundisha kwamba damu hupenya kutoka upande mmoja wa moyo hadi wa pili kwa vitundu visivyoonekana katika ukuta wa katikati. Vitundu hivyo havipo. Akaja wa pili akanakili, wa tatu akanakili kwa wa pili, na kila aliyefungua moyo akaukuta ukuta mzima alidhani kasoro ni ya macho yake. Wakaenda hivyo miaka zaidi ya elfu moja, hata katika karne ya 13 tabibu Ibn al-Nafis akaandika huko Misri kwamba ukuta ule ni mzito, hauna tundu, na damu haina njia ila kuzungukia mapafuni. Hayo ndiyo madesa. Mmoja hukosea, na waliobaki hupata alama.

KOTI: Haya, tuyaache ya elimu. Mimi walau ni alama ya usafi.

FUVU: Wewe? Matabibu wa Ulaya walivaa makoti meusi mpaka karne ya 19 ilipokuwa ikielekea ukingoni, ndipo wakachukua weupe wa watu wa maabara ili uchafu uonekane na ufuliwe. Wewe mara ya mwisho umefuliwa lini? Umetoka kwenye meza ya maiti, ukapanda daladala ya saa kumi na moja ukisuguana na watoto wa watu, ukaketi kwa mama ntilie na mkono wako umetumbukia kwenye mchuzi, ukarudi hapa ukalaliwa kama shuka. Uingereza mwaka 2007 serikali iliagiza wahudumu wa wagonjwa waache mikono wazi kuanzia kiwikoni, na makoti ya mikono mirefu yakawekwa kando, kwa kuwa ncha ya mkono wa koti hugusa huyu na kumpelekea yule. Mahali pako ni ndani ya ukumbi wa maiti. Ukitoka mlangoni, vuliwa, kunjwa, tiwa mfukoni.

KOTI: Abiria walimpisha kiti.

FUVU: Walimpisha kwa harufu.

STETHOSKOPU: Simu, mbona umenyamaza ghafla? Mwonyeshe babu ile picha nyingine.

SIMU: Ile nilikwisha ifuta.

STETHOSKOPU: Uliifuta kwako, na kwa waliotumiwa? Babu, ni ya ukumbini: vijana watano wamesimama nyuma ya meza, wanacheka, na mmoja ameinua mkono usio wake kama anayepunga.

FUVU: Basi nisikilizeni, na mzaha uishe. Mimi nilikuwa mtu wa Bengal. Nilikuwa na jina, na mama yangu alikuwa akiliita akiwa jikoni. Nilikufa maskini, na huko Kolkata palikuwa na biashara ya watu kama mimi: tulichemshwa, tukasafishwa, tukafungwa masandukuni, tukauzwa kwa skuli za utabibu za dunia nzima, na faida ikaenda kwa wasiotuzaa, mpaka serikali ya India ilipoipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1985. Mimi nilikuwa nimekwisha vuka bahari. Hakuna aliyeniuliza kama naridhia. Na yule aliye mezani huko ukumbini aghalabu hakuulizwa pia. Ni mtu aliyefia hospitali, jamaa hawakutokea, pengine hawakuwa na nauli, pengine hawakupata habari. Hakuoshwa na nduguze wala hakusaliwa kwa wakati wake. Ametoa hata uso wake ili kijana huyu ajifunze pale mshipa wa fahamu wa sauti unaposhuka kifuani, ukazunguka chini ya mshipa mkuu wa damu upande wa kushoto, kisha ukapanda tena kooni. Asije siku moja, akipasua shingo ya mama wa mtu, akaukata na kumwacha mama yule na sauti ya kukwaruza mpaka kufa. Hiyo ndiyo kazi ya maiti yule. Nanyi mnamfanya apunge! Hamna haya! Mtu asiyeweza kumstahi aliyekufa, ambaye hamsumbui kwa lolote, atamstahi vipi mwanamke mwenye uchungu wa uzazi anayepiga kelele saa tisa za usiku? Mwaka wa kwanza haukutiwa maiti kwa sababu ya mifupa peke yake, la; umetiwa ili moyo upimwe mapema. Na mwalimu anayeiona picha ile akanyamaza kwa kuwa mtoto ni wa mkubwa fulani, yeye pia amepimwa.

KOTI: Babu, umekuwa mkali.

FUVU: Nimekuwa mpole muda wote nilipokuwa nikitumiwa kuzuia mlango usijifunge kwa upepo. Na tukirudi kwenye jina la daktari: skuli ya udaktari ilipofunguliwa hapa Dar es Salaam mwaka 1963, nchi ilikuwa na madaktari wake wazalendo wa kuhesabika kwa vidole, na aliyetaka shahada alikuwa akivuka kwenda Makerere huko Uganda. Wale wa mwanzo, mnadhani, waliitwa daktari na mbuzi?

SIMU: Samahani, babu. Nakatiza. Shangazi anapiga. Saa kumi na moja kasoro. Nimwamshe bwana?

FUVU: Usimwamshe. Mtihani ni saa mbili, na aliyelala muda wa saa tatu atakumbuka zaidi kuliko aliyekesha na wewe. Mkimpenda kijana wenu, enyi mlioko nyumbani, mwiteni kwa jina mlilompa mpaka amalize. Mtumieni fedha ya chakula, na akisema ameanguka mtihani msimwambie amewaaibisha. Swali la dawa msimwulize: hajui, nanyi mnamtia haya asiseme kwamba hajui. Na wewe, shangazi, mbebe mtoto umpeleke zahanati asubuhi hii; kipimo cha malaria ni tone moja la damu ya kidole, na jibu lake halichukui hata nusu saa.