Mimi Ndiye Mtu wa Kawaida

Shikamoo ya mpwa wangu siku hizi naiogopa. Ukiisikia laini hivyo saa ya alasiri, jua kuna fomu. Mwenyewe ni daktari wa watoto, hatishwi na damu wala kilio, lakini mtajie ruzuku ya utafiti uone anavyonyong'onyea. Anataka kuwapima ugonjwa wa selimundu watoto wa kisiwani hapa Mombasa wanapozaliwa tu, tone moja la damu ya kisigino, kisha awafuatilie wakikua. Fedha anazoomba hazitoshi hata kununua gari la mheshimiwa.

Fomu za wafadhili zina kipengele kimoja kiovu: eleza utafiti wako kwa maneno machache ili mtu wa kawaida aelewe. Huyo mtu wa kawaida ni mimi. Nyumba nzima hii ya Kibokoni, ina mwalimu, ina karani wa bandari, ina fundi wa friji, nikateuliwa mimi! Anasoma, nikikunja uso anafuta.

"Mjomba, umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Haya, nieleze."

Hapo kahawa hunipalia.

Nyinyi nitawaeleza bure. Mwaka 1949 mwanafunzi wa Oxford aliyekulia hapa Kenya, Anthony Allison, alizunguka nchi akipima damu za watu. Akaona chembe ya selimundu imejaa Pwani na kando ya Ziwa Viktoria, kule bara kwenye baridi ni haba. Mwaka 1954 akatoa sababu: aliyeirithi kwa mzazi mmoja, malaria kali haimpati kirahisi. Aliyeirithi kwa baba na kwa mama ndiye mgonjwa. Damu zetu zimeingia vitabuni duniani kote, na bado kuna mtoto Kuze analia viungo usiku, anakandwa mafuta na kuambiwa ni baridi.

Na dawa ipo. Haidroksiyurea ilijaribiwa kwa watoto 606 wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, matokeo yakatolewa mwisho wa 2018: maumivu yalipungua, malaria ikapungua, hata vifo. Aliyelipa? Taasisi ya afya ya taifa ya Marekani, pamoja na hospitali ya watoto ya Cincinnati. Mwaka 2025 taasisi hiyohiyo ikasimamisha mtindo wa vyuo vya kwao kuwagawia fungu washirika wa ng'ambo. Mwenye kiriba kakaza kamba, nasi tuko jangwani.

Turudi kwenye fomu, maana sijamaliza nayo. Wanauliza: umewahi kupewa ruzuku ngapi? Hajawahi. Basi atafute mshirika mwenye jina, naye huyo yuko Ulaya na jina lake ndilo litakalotangulia. Wanataka risiti za nauli za akina mama. Hebu mdai mwenye tuktuk risiti ya shilingi 100, akuulize kama umetumwa na KRA, watoza ushuru. Saa ya mwisho ni kumi na moja jioni ya London, ambayo kwetu ni saa moja au saa mbili usiku kutegemea wazungu wamezisogeza vipi saa zao, na ndio wakati stima hupenda kupotea. Kuta za mawe za babu zetu zinazuia joto, na mtandao pia, kwa hiyo fomu hutumwa kutoka darini, mpwa wangu kainua simu juu kama anaandama mwezi, mimi nimeshika tochi.

Serikali nayo? Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliunda mfuko wa taifa wa utafiti, na ikaandika kwamba Hazina iutilie asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Sheria nzuri sana. Kinachofika ni vumbi la hiyo asilimia.

Nikapeleka habari barazani. Mzee mmoja akaniuliza, "Atafute nini, na dawa umesema ipo?" Nikamwambia, tujue wangapi wanazaliwa nayo hapa kisiwani, na wangapi wanakufa kabla hawajapimwa. Akanyamaza akaagiza kashata. Wazee haohao, harusi ikitangazwa, kundi la simu linachanga mpaka gharama ya maua. Mgonjwa akipelekwa India, vilevile, na Mungu awalipe. Lakini kulichangia swali? Mkono hautoki mfukoni.

Na hapo Kilifi, safari ya matatu moja tu, tangu 1989 kuna watafiti wa KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, wanaofadhiliwa kwa mali ya marehemu. Henry Wellcome, muuza dawa, alikufa 1936 akaacha wasia kampuni yake iwe amana, faida yake iende kwenye utafiti wa afya. Nikizunguka Mji wa Kale mzima sioni tofauti kati ya hiyo na wakf, isipokuwa zetu tumezielekeza kwenye misikiti, madrasa na makaburi. Watoto wa Pwani wanatafitiwa kwa sadaka ya mzungu aliyekufa kabla mama yangu hajazaliwa, na sisi wenye majumba Ndia Kuu tunagombania kodi ya duka.

Basi nasema na nyinyi wenye majumba. Makamishna wa Wakf ofisi yao iko hapahapa Mombasa. Nyumba moja tu, kodi yake iandikwe kwa ajili ya kuchunguza maradhi ya watoto wetu. Asiyeelewa utafiti ni nini anitafute barazani baada ya swala ya alasiri. Nimeshazoea kueleza, na kahawa nitalipa mimi.