Barua ya wazi kwa majaji watatu wa Jumamosi usiku

Waheshimiwa majaji,

Natumaini posho imeshaingia kwenye simu. Mimi ni yule wa safu ya nne, pale ukumbini Temeke, niliyeshika kichwa kwa mikono miwili mlipomtangaza mshindi wa shindano la rap. Nilijipa siku tatu nipoe kabla sijaandika. Sijapoa.

Niwapongeze kwanza kwa uvumilivu. Vijana wawili walichana raundi tatu, hazikufika robo saa. Ninyi mkajifungia chumba cha nyuma dakika 40, sisi tukipigiwa wimbo uleule mpaka DJ mwenyewe akaanza kuona aibu. Tukasema wazee wanahesabu mizani hao. Kisha mlango ukafunguliwa kidogo, zikapita sahani tatu za chipsi mayai, tukaelewa kwamba haki haitendeki kwa tumbo tupu.

Mkatoka, mkasema ameshinda mwenye koti la ngozi "kwa tofauti ndogo sana". Ndogo kama nini? Kama punje ya mchele au kama sahani ya chipsi? Hamkusema.

Sina ugomvi na mwenye koti. Raundi ya kwanza ilikuwa yake: pumzi anayo, sauti anayo, na mdundo anaukalia kama kiti cha nyumbani kwao. Ya pili ilikuwa sare, ukitaka kubishana tutakesha. Ugomvi wangu ni raundi ya tatu, ile ya majibizano, mistari miwili kwa zamu. Jaji wa katikati nakukumbusha kwa heshima, kwa kuwa wakati huo ulikuwa unatazama simu. Mwenye koti alimwangalia mwenzake miguuni, akaziona kandambili, akachana:

Daladala umepanda, safari umesimama,
Mimi kwenye ndinga yangu, kitini nimeegama.

Ukumbi ukalipuka. Mwenye kandambili akasubiri kelele zitue. Wala hakukunja uso. Akajibu:

Ndinga hiyo ya shemeji, mafuta kaweka mama,
Miye nauli ni yangu, ndo maana nasimama.

Nilihesabu kwa vidole pale pale: nane kwa nane, kila mstari, kina cha mwisho kilekile cha "ma" alichotupiwa. Lakini hesabu ndiyo sehemu nyepesi. Mwenzake alimpa "umesimama" kama tusi, yeye akalipokea, akalipangusa vumbi na kulivaa kama joho. Mama mmoja nyuma yangu, aliyekuja kumsindikiza mwanawe tu, alisema "ehee!" na kukaa chini kama aliyesukumwa.

Zamu ikarudi kwa mwenye koti. Badala ya kujibu, akatuchania kuhusu saa yake ya mkononi. Mistari mizuri, siikatai, ila ilikuwa imekuja kwenye hotpoti kutoka nyumbani. Majibizano yanapikwa jukwaani, waheshimiwa, moto ukiwaka na watu wakiona.

Na si mimi niliyeyaanzisha. Mwanzoni mwa karne ya 19 Muyaka bin Haji wa Mombasa alirushiana mashairi na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu, miji yao ikiwa kwenye uhasama ulioishia vitani Shela. Lamu walishinda ufukweni. Muyaka anasomwa mpaka leo, na sijasikia mwalimu yeyote akimpa alama za kilemba. Hata huku kwenye rap, Saleh J aliposhinda mashindano ya Yo! Rap Bonanza mwaka 1991, mdundo ulikuwa wa Vanilla Ice. Chake kilikuwa maneno ya Kiswahili.

Nayataja maneno kwa sababu niliokota karatasi yenu moja iliyobaki mezani, tupu, mnisamehe. Ina vyumba vitano: mvuto wa jukwaani, mavazi, sauti, nidhamu, mengineyo. Maneno hayana chumba. Nadhani yamejibanza kwa Mengineyo, kama mpangaji anayedaiwa kodi ya miezi mitatu. Kandambili, nakubali, zilipata alama zilizostahili kwenye mavazi.

Mkasema pia kwamba mlizingatia makofi. Hapo mmenigusa, maana napenda hukumu ya watu. Usukumani Wagika na Wagalu hushindana ngoma, kila kundi na uwanja wake, wakicheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni aliyevuta watu wengi. Ukinichosha nahamia kwa mwenzako, na wote wananiona nikihama. Huko hata dawa ya kuvuta watazamaji haikuwa siri. Sasa makofi yenu yalitoka wapi? Nusu yake ilishuka kwenye Coaster mbili zilizoegeshwa nje, zikiwa na shangazi, binamu na fulana zenye picha ya mwenye koti. Wale wangepiga makofi hata kama kijana wao angesoma bei za vitunguu.

Simwombei mwenye kandambili kombe. Limeshapigwa picha, limeshalala kwenye koti, libaki huko. Ninachoomba ni kwamba mzibandike karatasi zenu zilizojazwa kwenye mlango wa ukumbi, na chini ya raundi ya tatu kila jaji aandike kwa mkono wake jibu ambalo mwenye koti alilitoa kwa neno "nasimama". Pengine lilinipita nikiwa nashangilia. Mkilibandika hilo jibu nitakuja kuwaomba radhi hadharani, na chipsi mayai nitanunua mimi.

Wenu wa safu ya nne,
tiketi ya shilingi 5,000, niliyoilipa mwenyewe.