Mashine Yetu Inaomba Nafasi ya Masomo

Kwa Katibu Mkuu,
Wizara ya Afya.

YAH: MAOMBI YA NAFASI YA SHAHADA YA UZAMILI YA RADIOLOJIA KWA MASHINE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wakazi wa Rungwe, kuanzia Tukuyu mjini hadi Kiwira na migombani kote, tunawapa hongera. Ulipofika ule mkopo wa IMF wa mwaka 2021, wa shilingi trilioni 1.3, mlinunua eksirei za kidijitali na mashine za CT za hospitali za rufaa za mikoa. Tepe zikakatwa, hotuba tukazisikiliza redioni hadi betri zikaisha. Picha za siku hizi ni safi, hata ufa wa unywele kwenye mfupa unaonekana. Kilichobaki ni mtu wa kutuambia tunaona nini.

Kwa kuwa bajeti imeshaonesha inampenda nani, tunaomba mashine zenyewe zipelekwe chuoni. Sifa zinazo. Mashine haidai posho ya kujikimu. Haiogopi baridi ya Tukuyu wala mvua zetu zisizojua likizo. Kubwa kuliko yote, ikipangiwa wilayani haiandiki barua ya uhamisho wa kumfuata mwenza Dar es Salaam. Na mkisema si daktari, tunawakumbusha kwamba Röntgen, aliyegundua mionzi hiyo mwaka 1895, naye hakuwa daktari. Alikuwa mwanafizikia. Pengine ndiko wizara ilikojifunza kwamba daktari si wa lazima.

Shida ni mtaala. Binadamu husoma udaktari miaka 5, utarajali mwaka 1, kisha uzamili miaka 3, chuo cha MUHAS pale Upanga, Dar es Salaam, kwa mfano. Miaka hiyo 3 ni ya kunoa jicho. Kidoa hiki kwenye pafu ni kifua kikuu, ni saratani, au ni chuchu tu ya mgonjwa? Usiku yuko zamu anasoma picha za majeruhi wa ajali, asubuhi mwalimu anamsahihisha mbele ya wenzake, kesho anarudi kukosolewa tena. Jicho la namna hiyo halipatikani kwa kutangaza zabuni.

Na muda wote huo, asiyekuwa na mwajiri wala mfadhili huitwa mwanafunzi tu: usiku anahudumia wagonjwa, kukicha anadaiwa ada. Mchuma chai wa Katumba hajawahi kutozwa ada kwa kuchuma chai, ingawa tunaogopa kuwapa wazo.

Ufadhili wa mabingwa wenye jina la Rais tunaujua na tunaushukuru. Lakini mabingwa wa radiolojia bado ni wachache, na wengi wao wamejazana Dar es Salaam. Mtu akianguka kutoka kwenye mparachichi huku kwetu, picha hupatikana upesi, majibu ndiyo husafiri. Picha hupigwa picha kwa simu, ikatumwa WhatsApp kwa daktari aliyesoma na shemeji wa mtu, akajibu akiwa kwenye foleni ya Mwenge. Jibu lisipokuja, mgonjwa anapandishwa Mbeya, kilomita kama 70, akipita kwenye ukungu wa Isongole na bahasha yake mapajani.

Msituambie haiwezekani. Mwaka 2018 Muhimbili ilianza kufundisha radiolojia tiba, yaani kutibu kwa kuongozwa na picha, wataalamu wakija kwa zamu kutoka Yale na vyuo vingine vya Marekani, wakawafundisha madaktari wetu palepale, kwa wagonjwa wa palepale. Kama mwalimu aliweza kutoka Connecticut, iliko Yale, hadi Upanga, mwanafunzi wa Upanga atashindwaje kufika Tukuyu? Mabasi yapo.

Basi mkiyakataa maombi ya mashine, yapokeeni haya. Kila anayesomea ubingwa wa radiolojia afanye angalau miezi 3 katika hospitali ya wilaya, bingwa akimsimamia kwa mtandao, na alipwe mshahara, maana anafanya kazi. Chumba tutamtafutia, na ndizi hatanunua.

Naomba kuwasilisha.

Mkazi wa Tukuyu