Kuku wa Kuzunguka

Jirani yetu hapa Mashimoni kaboresha jiko lake la gesi. Fundi wa jua kali kule Kamukunji kamchomelea mshikaki wa chuma, kauunganisha na mota ya waipa ya matatu iliyostaafu, basi kuku anazunguka mwenyewe huku mafuta yakimrudia ngozini. Hongera, mkubwa! Watoto wamejipanga kutazama. Wateja bado wako njiani. Ila saa moja jioni stima ikapotea. Gesi, maskini, haikuambiwa. Kuku akasimama kifua chini: huku mkaa mtupu, mgongoni mbichi. Ng'ambo ya mtaro, jamaa wa mutura akazidi kugeuza zake kwa mkono, akamkatia jirani kipande cha shilingi 20, na kachumbari akamwongezea.