Misingi ya Gumzolojia: Mhadhara wa Kwanza, Kanda za Kinondoni na Temeke

Mwanafunzi wangu, zima simu, kaa vizuri, andika.

Sayansi imehangaika na mambo mengi. Mlima Kilimanjaro umepimwa ukapatikana na mita 5,895. Lakini umbali kati ya kikombe cha kahawa na mdomo wa mtu anayebishana kuhusu Simba na Yanga, pale kikombe kinapoganda hewani dakika nzima kwa sababu mwenyewe bado hajamaliza hoja, huo hakuna aliyeupima. Gumzolojia imezaliwa kuziba pengo hilo, na wewe una bahati ya kuisomea ikiwa bado changa.

Tuanze na fasili. Gumzo ni mazungumzo ya watu wasiopungua watatu, waliokalia kitu ambacho hakikutengenezwa kukaliwa (kreti la soda, tairi, tofali, ndoo iliyopinduliwa), yasiyo na ajenda wala mwenyekiti, ambayo kila mshiriki huondoka akiamini ameshinda. Wakiwa wawili, hayo ni maongezi, yanahusu idara nyingine. Akitokea mmoja wao akaanza kuandika kwenye daftari, hicho tayari ni kikao cha vikoba, na mtafiti anatakiwa aondoke mara moja kabla hajaandikwa jina.

Sasa nadharia tete yenyewe, ambayo nimeitolea maisha yangu. Gumzo lote, liwe la mpira, la siasa au la bei ya mchele, ni mbinu ya kuchelewesha swali moja: nani analipa? Hali hiyo naiita ukawizamalipo. Istilahi hii bado sijaipeleka BAKITA, baraza linalosimamia Kiswahili tangu 1967. Nawapa muda wajiandae.

Aina ya I: Gumzo-supu. Hutokea kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, kwa mama lishe wa Tandika, Mwananyamala na kwingineko, mbele ya bakuli la utumbo au kongoro, chapati mbili na kipande cha ndimu. Ni fupi, maana mdomo una kazi nyingine. Mada zake ni umeme wa LUKU uliokatika usiku na foleni ya Mbagala. Mama lishe wengi hudai chao mapema, kwa hiyo ukawizamalipo hauna pa kumea. Tusonge mbele.

Aina ya II: Gumzo-kahawa. Hapa, mwanafunzi, fungua ukurasa mpya. Uwanda wake ni kijiweni, jua likishazama. Muuzaji anafika akigonganisha vikombe mkononi, birika lake limekalia jiko dogo la mkaa, ndoo ya kusuuzia pembeni, sahani ya kashata juu ya stuli. Kahawa ni chungu makusudi. Kashata ndiyo dawa yake, na ndiyo chanzo cha migogoro yote ya kihasibu, kwa kuwa mlaji hukumbuka mbili na muuzaji hukumbuka nne.

Gumzo-kahawa lina matawi mengi. Lililokomaa kuliko yote ni la mpira. Hili chimbuko lake linajulikana: Yanga iliasisiwa 1935, na mwaka uliofuata baadhi ya wanachama wakajitenga, wakaunda klabu iliyokuja kuitwa Sunderland na, kuanzia 1971, Simba. Yaani klabu nzima imezaliwa na watu walioinuka kijiweni bila kuelewana. Tangu hapo hoja zimepangika kama sala. Wa Simba huanza na sita bila ya 1977, hupumua, kisha hutoa tano bila ya Mei 2012. Wa Yanga humwacha amalize, hujimiminia kahawa taratibu, halafu humwekea mezani tano moja ya Novemba 2023. Mgumzi wa Temeke huongeza kuwa ushahidi wake ndio mzito zaidi, kwa kuwa Uwanja wa Mkapa uko wilayani kwake, hata kama siku ya mechi alikuwa Mkuranga msibani.

Tawi la siasa lina utaratibu mkali wa vyanzo, ambao nauita daraja-ushahidi. Chini kabisa liko gazeti, ambalo mgumzi hajalinunua. Amesoma vichwa vya habari tu, amesimama mbele ya meza ya muuza magazeti, mikono nyuma. Juu yake iko "nimesikia". Juu zaidi, "nina mtu wangu bandarini". Juu ya huyo yuko dereva wa kigogo, ambaye husikia kila kitu kwa sababu kiti cha mbele hakina masikio, au ndivyo wanavyodhani wa kiti cha nyuma. Na kileleni kabisa yuko anayesema, "Mimi sitaki kuongea sana," akanyamaza. Huyo hajawahi kushindwa mjadala wowote katika uwanda wangu wote wa utafiti.

Tufike sasa kwenye kiini cha taaluma: Hali ya Kikombe-Tupu. Kahawa imekwisha, ila kikombe hakirudishwi. Mgumzi anakishika kwa vidole vitatu, anakizungusha, anakichungulia, mara nyingine anakiinua na kunywa hewa. Mwanafunzi mvivu ataandika kuwa amesahau. Hapana! Kukirudisha ni kukiri kuwa amemaliza, na aliyemaliza hudaiwa. Wachunguze wanne wakiwa katika hali hii kwa pamoja: mada hurefuka ghafla. Watahama kutoka kodi ya nyumba hadi mwendokasi, kutoka mwendokasi hadi vita vya nchi za mbali, wakitafuta mada itakayomfanya mmoja wao alegee na kuingiza mkono mfukoni. Anayelegea kwa kawaida ni aliyepata kibarua wiki hiyo. Wenzake wanajua, ndiyo maana walimpa tofali lililo karibu na muuzaji.

Aina ya III: Gumzo-chipsi. La kusimama, kinyume na fasili yetu, mbele ya kabati la kioo, wakati mayai yanasubiri mafuta yachemke. Halina hoja, lina malalamiko tu. Siliheshimu.

Aina ya IV: Gumzo-bia, la grosari. Kauli yake kuu ni "lete kama tulivyo", inayomwagiza mhudumu arudie kila kilicho mezani. Wanazuoni wachanga huichukulia kama kauli moja, kumbe ni mbili. Mgumzi akiitamka ameketi, ana nia ya kulipa. Akiitamka huku akielekea msalani, hana. Tofauti hii ingeeleweka, nusu ya ugomvi wa Kinondoni ingekwisha, ingawa kwa maslahi ya utafiti ni heri ubaki. Aina-ndogo ya gumzo-kiroba ilitoweka Machi 2017, serikali ilipopiga marufuku pombe za viroba. Ilitoweka kabla haijarekodiwa ipasavyo, na mabaki yake ni wazee wachache wasiokumbuka walichosema.

Zoezi la wiki hii. Chagua kijiwe kimoja cha Kinondoni na kimoja cha Temeke. (a) Chora ramani ya vikalio, ukionyesha umbali wa kila kimoja kutoka kwa muuzaji. (b) Pima muda wa Hali ya Kikombe-Tupu kwa kila mshiriki. (c) Hesabu kashata kabla na baada, bila kumshawishi mlaji wala muuzaji. Usibishane na yeyote. Ukiulizwa timu yako, sema unafuatilia riadha.

Gharama zote za uwandani ni juu ya mwanafunzi. Msimamizi wako, yaani mimi, nitahudhuria vijiwe vyote viwili kukukagua. Wewe utakaa upande wa birika.